Kusoma noti kwenye gita: nianzie wapi?

Swali: Wakuu, kodi (noti kadhaa kwa pamoja) za kawaida nazipiga na tablacha (maandishi ya namba za kubonyeza kwenye kila uzi) naisoma, ila ile mistari mitano ya noti inanishinda. Noti ileile naikuta sehemu tatu kwenye shingo ya gita. Nishike ipi?

Jibu: Mkuu, kwa sasa baki kwenye freti (vigawanyo vya shingo) 3 za mwanzo, utata huo utaisha. Anza na uzi wa 1, ule mwembamba: ukiwa wazi, bila kubonyezwa, ni E, freti ya 1 ni F, ya 3 ni G. Kwenye karatasi, E inakaa nafasi ya juu kabisa, F kwenye mstari wa juu, G juu ya mstari huo. Ukizipiga bila kutazama mkono, hamia uzi wa 2: B, C, D, kwa freti zilezile. Na tafadhali usiandike herufi chini ya noti. Jicho litasoma herufi, noti zenyewe hutazijua.

Jibu: Wengi hukwama kwenye mapigo, maana tablacha nyingi hazionyeshi noti inadumu muda gani. Piga makofi mstari mzima ukihesabu 1-2-3-4 kwa sauti, ndipo ushike gita. Metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo, iweke mapigo 60 kwa dakika. Ukikosea, songa mbele na pigo. Ukirudia mwanzo kila mara unakariri, husomi.

Jibu: Nyongeza: gita husikika oktava moja (noti yenye jina lilelile, sauti nzito zaidi) chini ya ilivyoandikwa. Ukilinganisha na piano, usidhani umekosea.