Mjadala: Muuguzi wa kituo aandike jina la maradhi ya akili, au aishie kwenye dalili?

Mkufunzi wa wauguzi, Unguja
Assalaam alaykum. Nauliza: wanafunzi wa uuguzi wafundishwe kuainisha maradhi ya akili mpaka jina kamili, kwa mujibu wa ICD-11, orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022? Au watambue makundi mapana tu, kama unavyofanya mhGAP, mwongozo wa shirika hilo hilo kwa watoa huduma wasio mabingwa wa akili, na jina waachiwe madaktari wa hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, hapa Unguja? Mimi nasema wafundishwe mpaka mwisho. Mgonjwa wa Micheweni, Pemba, asingoje boti ndipo ajulikane anaumwa nini. Na jina lina kazi yake. Mtu mwenye huzuni nzito akipewa amitriptilini, dawa ya sonona, na hakuulizwa kama aliwahi kupitisha wiki nzima akilala kidogo bila kuchoka, akisema bila kituo na kumwaga fedha, dawa ile inaweza kumpandisha wazimu. Hiyo ni baipola, maradhi ya hisia kupanda na kushuka mno, si sonona ya kawaida.

Muuguzi wa akili, Chake Chake
Waalaykum salaam Maalim. Swali hilo lifundishwe hata kesho. Jina kamili nalikataa. Skizofrenia kwa ICD-11 inataka angalau dalili mbili zilizodumu mwezi mmoja au zaidi, na moja kati yake iwe ya msingi: imani potofu isiyotikisika, sauti zisizo na mtu, maneno yasiyoshikana, au kuhisi kwamba mawazo na vitendo vyake vinaendeshwa na mwengine. DSM, mwongozo wa Wamarekani wa maradhi ya akili, inataka hali nzima iwe imechukua miezi sita. Sasa mgonjwa kaletwa siku ya tatu ya maradhi, kafungwa kamba. Muuguzi atahesabu mwezi upi? Alichonacho mbele yake ni saikosisi ya ghafla, yaani mtu kupotewa na uhalisia kwa ghafla, nayo aghlabu huisha baina ya siku chache na mwezi. Ukishaandika skizofrenia siku ile, nani ataifuta? Itamfuata kwenye posa, itamfuata kwenye kazi.

Daktari, Mkoani
Nyote wawili mmeruka hatua ya kwanza: mwili. Kabla ya jina lolote pima joto, mapigo, presha, sukari ya kidole, malaria kwa kipimo cha haraka, VVU na kaswende. Tazama kichwa kama kina jeraha. Halafu pima umakini: mwambie ataje siku za wiki kurudi nyuma, Ijumaa, Alkhamisi, Jumatano. Akipotea njiani, na watu wa nyumbani wakasema asubuhi alikuwa na nafuu ila magharibi kavurugika, tena anaona wadudu ukutani, hapo fahamu ndiyo iliyovurugika. Tafuta maambukizi, sukari iliyoshuka, dawa alizomeza. Uliza pombe bila kumuaibisha mbele ya wazee wake. Mnywaji mkubwa aliyeacha ghafla siku mbili tatu, anatetemeka na jasho linamtoka, anahitaji diazepamu ya kumtuliza na thiamini, yaani vitamini B1. Ukimpa haloperidoli, dawa ya saikosisi, peke yake unamsogeza kwenye degedege.

Kosa jengine ni maneno. Muuguzi anauliza, "Unasikia sauti?" Mgonjwa anajibu ndiyo, maana nani asiyesikia sauti? Uliza hivi: "Huwa unasikia watu wakizungumza na chumbani hamna mtu? Wangapi? Wanasema na wewe, au wanakusema?" Na mwenye sonona haji akasema ana huzuni. Anakuja na kichwa, moyo kwenda mbio, mwili mzito, mara tatu mara nne, anarudishwa na panadoli.

Afisa wa kliniki, Unguja
Niongeze hapo kwenye sonona. PHQ-9, fomu ya kuchuja sonona, ina maswali 9 na alama 0 hadi 27. Alama 10 na kuendelea maana yake endelea kuuliza, haijawa utambuzi. Swali la 9, la kutamani kufa au kujidhuru, likijibiwa ndiyo, anashughulikiwa siku ile ile, hata jumla ikiwa 4.

Mwalimu wa saikolojia, Wete
Ndugu zangu, la hapa kwetu halijaguswa. ICD-11 ina maradhi ya kupandwa na pepo, lakini kwa masharti: mtu awe hakuitaka hali ile, isiwe sehemu ya ibada au mila inayokubalika kwao, na iwe inamtesa au kumkwamisha. Anayepandwa ngomani, akashuka, kesho yuko shambani, huyo hana maradhi. Na msiba: ICD-11 haiiti huzuni yake maradhi mpaka ipite miezi sita na izidi ada ya dini na jamii. Mjane yumo edani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, hajipambi. Ukimpima kwa orodha bila kuuliza, unamhesabia dalili ambazo ni hukumu ya dini. Ila eda nayo isiwe pazia. Mjane anayejiona hana thamani yoyote, au anayesema anataka kumfuata marehemu, asingojewe eda iishe.

Mkufunzi wa wauguzi, Unguja
Daktari, la mwili limeniingia, na somo lianzie hapo. Bi Muuguzi, basi tukutane hapa: siku ya kwanza aandike "saikosisi ya ghafla, sababu haijajulikana," vipimo alivyofanya, na tarehe ya kumtazama tena, wiki ya pili na ya nne. Wiki ya nne dalili zikiwa bado zipo, aandike jina. Kulijua jina lazima alijue, maana asipolijua hatojua anangojea nini.

Muuguzi wa akili, Chake Chake
Wiki ya nne nakubali, Maalim, kwa sharti daktari atie saini pamoja naye. Lakini mgonjwa akipata nafuu siku ya kumi harudi. Dawa ameziacha, watu wake wamempeleka kusomewa, na rejesta imebaki na neno la siku ya kwanza. Nani atakwenda kumgongea mlango siku ya 28, na kwa nauli ya nani?