Escudo, Prado ya zamani au Land Rover 110? Natafuta fowili ya shamba ya bei rahisi

Mwana_Kilombero
Wakuu habari za saa hizi. Natafuta gari ya shamba, fowili, iliyotumika, bei iwe ya chini halafu niwe naifufua mdogomdogo kadri hela inavyopatikana. Mpaka sasa nimeshaona tatu: Escudo ya zamani milango mitano, Prado ya zamani namba B, na Land Rover 110 namba A. Wenyewe wote wanasema maongezi yapo. Wiki ijayo nataka niwe nimeshalipia moja. Wenye uzoefu na hizi gari nisaidieni, ipi nichukue ipi niachane nayo.

FundiChesisi
Mkuu, bajeti sh ngapi? Na hiyo bajeti ni ya kununua tu au na matengenezo yamo humohumo? Unabeba nini, unapita njia gani, masika unaingia au ni kiangazi tu? Halafu unasema Prado ya zamani, injini gani? 1KZ ya dizeli au 3RZ ya petroli? Bodi ni moja ila hizo ni gari mbili tofauti kabisa. Rudi na majibu ndo tuongee.

Escudo1600
Chukua Escudo. Ile ya miaka ya tisini ina chesisi kabisa, ina gia ya low, na ni nyepesi, kwenye tope nyepesi ndo inapita hizo nzito zinakaa chini. Injini G16 cc 1600 kila fundi anaijua, spea Gerezani pale Dar zimejaa mpya na za mtumba. Mimi ninayo naenda nayo Turiani huko na mvua zake na inarudi.

MzeeWaDizeli
Vijana mnapenda vigari vya mjini. Gari ya shamba ni Land Rover 110, kwisha. Bodi alumini haili kutu, ekseli moja nzima toka tairi hadi tairi mbele na nyuma, fowili muda wote haina habari ya kushuka kufunga hub za tairi za mbele kwenye matope. Kama hiyo ina 300Tdi basi ni dizeli ya 2.5 isiyo na kompyuta hata moja, unaishusha chini ya mwembe. Mliona wenyewe tamasha la Land Rover Arusha Oktoba 2024, zile gari zina umri wa watu wazima na zimekuja kwa miguu yake.

Kijana_wa_Ilala
Mzee wangu shikamoo, ila Arusha ni Arusha. Kule zimejaa kwa sababu ya utalii, mafundi wa Land Rover wapo mtaani kila kona na spea zipo. Mwambie jamaa yuko Kilombero atafute sili ya swivo, ile ya kuzuia oili isivuje kwenye ekseli ya mbele, Jumapili jioni uone kama ataipata. Toyota hata duka la baiskeli wanakuuzia filta.

Mwana_Kilombero
Samahani wakuu nilikuwa shamba mtandao shida. Majibu: bajeti 15M jumla, kununua na kutengeneza ya kuanzia. Naishi Morogoro mjini, shamba ni la mpunga upande wa Malinyi. Siku hizi lami inafika mpaka Ifakara, navuka daraja la Magufuli naenda Lupiro halafu kuanzia hapo ni vumbi, na kushoto kulia kote ule udongo mweusi. Masika naingia, lazima, Machi ndo palizi na mbolea. Nabeba mifuko mitano sita ya mbolea, dumu za dawa, na watu watatu wanne. Familia mara mojamoja. Bei: Escudo 6.5M, Land Rover 11M, Prado 13M. Prado mwenyewe kaandika diesel turbo.

FundiChesisi
Sasa tumeelewana. Prado dizeli turbo ya mwili ule nyingi ni 1KZ-TE, cc 3000. Injini tamu sana ikiwa nzima, ina nguvu na haili mafuta kivile. Ugonjwa wake ni hedi, kile kichwa cha injini chenye valvu. Ni ya alumini, ikichemka inapasuka kati ya valvu, na nyingi zilizobaki huku kwetu zimeshachemka mara kibao kwa sababu watu wanaweka maji ya bomba badala ya kulanti, rejeta inaziba, feni ya rejeta inakufa, mwenye gari anaendelea tu kukanyaga. Ukitoa 13 umebaki na 2, na hapo hujahamisha umiliki TRA, hujanunua tairi. Hedi ikigoma barabarani hiyo 2 haitoshi.

Kama ingekuwa 3RZ, petroli cc 2700, ningekwambia ichukue leo. Taimingi yake ni cheni sio mkanda, haisumbui. Ila hiyo hujapata.

Ukitaka bado kuiona Prado, nenda asubuhi kabla haijawashwa. Gusa bonneti iwe ya baridi, wakiwa wameshaipasha geuza urudi. Fungua mfuniko wa rejeta, angalia kama kuna mafuta yanaelea juu. Washa mfuniko ukiwa wazi, kama maji yanatoa mapovu mfululizo hayakomi, hedi imekwenda. Fungua na mfuniko wa oili, ukiona uji mweupe chini yake usijadiliane bei.

Binti_Ulanga
Naomba niseme kuhusu 110 maana hapa naona watu wanaisifia bodi. Bodi ni alumini sawa, CHESISI NI CHUMA. Na kitu kinachobeba gari ni chesisi.

Mwaka juzi mimi na kaka yangu tulinunua 110 pickup Dar kwa mtu, gari imepigwa rangi inang'aa, chini kote imepakwa lami nyeusi, muuzaji anatuambia hiyo ni kinga ya kutu nimeifanya mwenyewe gari naipenda. Kadi original, namba za chesisi zinafanana na kadi, hana deni la trafiki, tukaandikishana kwa mwanasheria tukalipa. Tumetoka nayo mpaka Mahenge haina shida, tumebeba mahindi, tumebeba matofali, tukasema tumepata gari. Siku moja kaka anashuka mlima na mzigo wa mbao akasikia gari inavuta upande, anakata usukani kulia inakwenda inavyotaka. Akaiegesha ukingoni. Kuja kuchungulia, ule mkono wa nyuma unaoshika ekseli umeng'oka na kipande cha chesisi, kipande kizima kama kiganja kimebaki kwenye boshi. Fundi akaanza kukwangua ile lami kwa bisibisi, bisibisi inaingia. Inaingia hadi mpini. Ndani ya chesisi kulikuwa na tambara na gundi ya bodi wamejaza wakalainisha wakapaka lami juu. Gari ilikuwa ya mtu wa pwani miaka yote, chumvi imeila kutokea ndani.

Muuzaji simu haipokelewi mpaka leo. Kuchomelea chesisi nzima, kununua kipande cha nyuma kutoka gari iliyokatwa, usafiri wa kuvuta, yote ilifika karibu nusu ya bei ya gari. Na kaka yangu angekufa pale mlimani. Sasa hivi inatembea na kwa kweli kazi inafanya, ila kaka Mwana_Kilombero usiinunue bila nyundo. Gonga chesisi yote kuanzia mbele hadi mwisho, nzima inalia kengele, iliyooza inalia kama unagonga gunia. Ukikuta imepakwa lami mwambie unataka kukwangua sehemu tatu, akikataa ondoka.

MzeeWaDizeli
Pole sana binti, huyo muuzaji ni muuaji. Ila tuseme ukweli, hilo ni la muuzaji sio la gari. Chesisi ya 110 inakatwa na kuunganishwa kipande kwa kipande, jaribu hivyo kwenye hivyo vingine.

Binti_Ulanga
Mzee sijasema gari mbaya. Nimesema akague.

Kaka_Mlimba
Na mkanda jamani mbona hakuna aliyeutaja. 300Tdi ina taimingi belti, ukinunua ya mtu usimuamini kwamba alibadilisha, siku ya kwanza ifungue. Baadhi ya zile za mwanzo puli zilikaa vibaya mkanda unaliwa pembeni, ukifungua kava ukakuta vumbi jeusi la mpira ujue ndo hiyo. Ikikatika pushirodi, zile fimbo za kusukuma valvu, zinapinda, omba Mungu ziishie hapo. Ukiikuta nzima weka mkanda mpya na tenshena yake ya kuukaza uendelee.

Escudo nayo ina lake. Nyingi za zamani nyumba ya difu ya mbele ni alumini, ukiwa umenasa halafu ukakanyaga tairi izunguke kisha ishike ghafla, inapasuka. Nimeiona kwa jirani yangu. Kwa mwenye mguu mwepesi inadumu.

Escudo1600
Yangu haijawahi. Mimi nikitoka tu Dumila mvua ikinyesha naweka 4H, ile fowili ya mwendo wa kawaida, mpaka nyumbani, lami na vumbi vyote, gari inatulia barabarani.

FundiChesisi
4H kwenye lami kavu usiweke ndugu yangu, naomba wote mnaosoma mlielewe hili. Escudo haina difu ya kati, ile inayoruhusu tairi za mbele na za nyuma zizunguke kwa kasi tofauti. Ukikata kona tairi za mbele zinatembea umbali mrefu kuliko za nyuma, sasa propela zimefungwa pamoja, ule msokoto unakwenda wapi? Unakwenda kwenye giaboksi ya chini na kwenye hiyo difu ya alumini aliyoisema Kaka_Mlimba. Kwenye tope tairi inateleza msokoto unatoka. Kwenye lami hautoki. Land Rover 110 inaweza kwa sababu ina difu ya kati, unaifunga tu ukiingia matopeni.

Escudo1600
Nimesema mvua ikinyesha, lami inakuwa imelowa.

FundiChesisi
Ikikauka katikati ya safari unatoa?

Escudo1600
Natoa nikikumbuka. Ila gari ina miaka na haijaniangusha, mimi naongea ninachokiona.

NaiMudder
Salamu majirani. Huku Kenya gari ikishapita miaka minane hairuhusiwi kuingizwa, kwa hivyo hizi mzee zilizobaki bei haishuki, afadhali nyinyi. Mimi naendesha Suzuki Sierra, ndogo kabisa, na kwenye udongo mweusi wa Kajiado nimevuta Prado nayo mara si haba. Uzito ndio kila kitu kwenye ule udongo, ukijaa kwenye tairi unakuwa kama umefunga slika, tairi zisizo na meno. Weka tairi nyembamba zenye meno makubwa, usiweke zile pana za kupendeza. Na punguza upepo kabla hujanasa, sio baada.

Kijana_wa_Ilala
Tairi nyembamba? Kila gari ya fowili naiona na tairi pana.

NaiMudder
Kwenye mchanga pana ni sawa. Kwenye tope laini lenye chini pagumu, nyembamba inakata inashuka inafika kwenye kitu kigumu. Angalia Land Cruiser Hardtop za kazi na hiyo 110, zote zilitoka na 7.50-16, na hizo hata kwenye malori madogo utazipata.

Dada_Mbolea
Mimi nina swali tofauti. Mwana_Kilombero kwa safari ngapi kwa msimu? Maana mifuko sita ya mbolea bodaboda wanapeleka, na mavuno utakodi Fuso tu, hakuna gari kati ya hizo itabeba mpunga wa maana. Sisi mwaka huu gari tuliiacha Lupiro mbele tukapanda pikipiki na pesa iliyobaki tukalipia pampu.

Mwana_Kilombero
Dada umesema kweli mavuno nitakodi. Ila palizi ninabeba vibarua na chakula chao, na mama yangu yuko kule, akiumwa usiku wa masika bodaboda sio jibu. Gari nanunua.

MzeeWaDizeli
Hapo sasa umesema neno. 110, viti vya pembeni nyuma, mgonjwa analala.

Escudo1600
Milango mitano ukilaza kiti cha nyuma analala pia. Na kwa 6.5 unabaki na 8.5 ya kufanya springi za nyuma nzito, shokapu, boljointi, klachi, tairi nne mpya na betri na bado unabaki na hela ya mafuta. Huyo wa 11 atakuwa anaomba hela ya chesisi.

FundiChesisi
Hesabu ya Escudo1600 hapo siipingi. Ila springi nzito pekee hazikupi gari ya mizigo, usizidishe mzigo kisa springi haijalala, breki ni zilezile.

Mwana_Kilombero
Asanteni sana wakuu wote, na dada Binti_Ulanga pole kwa yaliyowakuta, kaka apone na mshtuko. Prado nimeitoa. Jumamosi naenda na fundi wa Msamvu kuziona Escudo na 110, nyundo na bisibisi nabeba, na nimemwambia mwenye 110 asiiwashe mpaka nifike. Ameniuliza kwa nini, nikamwambia tu.

Kaka_Mlimba
Mwambie na kava la mkanda litafunguliwa, usikie atasemaje.

Kijana_wa_Ilala
Escudo kama ina hub za kufunga kwa mkono zijaribu zote mbili, nyingi zimeganda watu hawajui kama fowili haifanyi kazi. Pandisha jeki mbele, weka fowili, shafti zizunguke na tairi.

Juma_Mpya
Wakuu samahani kuingilia, hivi ule mkonga kama wa Hardtop unaweza kufungwa kwenye Escudo? Wapi wanatengeneza hapa Moro?

Escudo1600
Unafungwa, wanatengeneza kwa bomba la chuma au wanafunga wa mtumba. Ila huo ni wa kuvuta hewa tu, distributa yako ikilowa gari inazima vilevile. Anza kuziba ile na waya za plagi. Gari yako mwaka gani?

Juma_Mpya
1995, kabureta.