Mjadala: Avenue Lumumba ya Bukavu ifungiwe magari Jumapili?

Wa Nyawera
Jambo kwenu wote. Nauliza: kipande cha Avenue Lumumba, toka Place de l'Indépendance mpaka Nyawera, kifungiwe magari kila Jumapili, ndiyo au hapana? Na zile nyumba za zamani zenye pembe za mviringo, za wakati wa Wabelgiji, mji ungali unaitwa Costermansville, zikatazwe kubomolewa?

Mimi nasema ndiyo mara mbili. Mji wetu, huku mashariki ya Kongo, umekaa juu ya rasi tano ndani ya Ziwa Kivu, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, jua halituchomi. Kahawa inalimwa Kabare, Kalehe na Idjwi, hapa hapa jirani. Lakini mtu akitaka kukaa nje na kikombe chake aangalie watu wakipita, atakunywa vumbi. Asmara, mji mkuu wa Eritrea, ilijengwa kwa sehemu kubwa na Waitaliano, UNESCO ikaiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2017, na jioni watu wake wanatembea polepole, wanapiga soga kwenye vibanda vya kahawa. Sisi tumekosa nini?

Motari
Kaka, mimi napakia watu kwa pikipiki, Jumapili ndiyo siku yangu ya kula. Misa, harusi, matanga, kwenda kuangalia wagonjwa. Mama mzee akitoka kanisani anataka kupanda Kadutu, utamwambia apande mlima kwa mguu kwa sababu wewe unakunywa kahawa?

Wa Muhumba
Tangu waasi wa M23 waingie mjini Februari 2025 watu wanahesabu kwanza pesa ya unga. Mimi napita tu.

Mama wa sambaza
Wanangu, nimeona mji "ukipendezeshwa" mara nyingi. Kwanza wanatupilia mbali sinia yako, halafu mwavuli, halafu wanakufukuza na wewe. Magari yakitoka nitafurahi, nitauza bila kuogopa kugongwa mgongo. Ila mniambie leo, si kesho: nitaruhusiwa kukaa na sambaza zangu, hawa samaki wadogo wa ziwa, mbele ya hiyo kahawa yenu, au harufu itawasumbua?

Wa Gent
Niko Ubelgiji. Gent walifungia magari katikati ya mji mwaka 1997, na wenye maduka walikasirika kweli kweli. Mwaka 2017 wakaongeza mpango mwingine, gari lisikatize mji toka upande mmoja mpaka mwingine. Leo watu wanakuja kupiga picha za minara na mifereji, nami nawaelewa, ni kuzuri. Tramu hawapigi picha. Lakini bila tramu na basi za kuwaleta watu, zile barabara zingekuwa tupu. Bukavu ikifunga barabara leo italeta watu na nini? Na motari huyo huyo mliyemfukuza.

Anayesomea ujenzi
Tuseme kidogo juu ya nyumba. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko liliutikisa mji huu, kuta nyingi zikapasuka. Nyumba ya zamani isiyotunzwa inaua. Mji Mkongwe wa Zanzibar uko UNESCO tangu 2000, lakini sehemu ya Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, ilianguka Desemba 2020 na watu wakafa. Kukataza tu hakushiki ukuta. Mwenye parseli, yaani kiwanja, anafikiria nyumba ya etaji (ghorofa) tano zitakazomletea kodi ya nyumba kila mwezi. Ukimkataza bila kumpunguzia malipo ya leta, yaani ya serikali, wala kumsaidia kurekebisha paa, ataacha mvua imbomolee. Hakuna atakayemshitaki kwa mvua.

Wa Kadutu
Na jambo ambalo mnalizunguka: Ibanda, ndiko iliko hiyo Avenue Lumumba, ilipangwa kwa Wazungu, Kadutu na Bagira zikapewa Waafrika. Ndiyo maana uzuri wote mnaousifu uko upande mmoja. Mji wa leo unahesabiwa watu zaidi ya milioni moja, na kwetu mvua ikikasirika udongo unateremka na nyumba. Pesa ikipatikana iende tena Ibanda, kupaka rangi?

Halafu mnasema mji wa kutembea kana kwamba ni kitu cha kuleta kutoka Ulaya. Simameni asubuhi kwenye mteremko wa Kadutu. Wanafunzi, wabeba mizigo, mama na beseni kichwani, wote kwa mguu. Bukavu inatembea tayari! Kinachokosekana ni pa kukanyaga. Pembeni kuna gari limeegeshwa, mchanga wa mtu anayejenga, mfereji wazi. Unashuka barabarani, motari anakupigia honi kama wewe ndiye mwenye kosa.

Wa Nyawera
Juu ya Asmara, nako wenyeji walitengwa na mji wa Wazungu, na leo mji ni wao. Hilo silitupi. (Ingawa nyumba zao zimesimama pia kwa sababu pesa ya kuzibomoa haikuja haraka.) Lakini wewe wa Kadutu, nabadilisha ombi langu. Jumapili ingoje. Tuanze na njia ya miguu toka soko la Kadutu mpaka Place de l'Indépendance, mifereji ifunikwe, na mama wa sambaza achorewe nafasi yake kwa rangi kabla mtu yeyote hajafungua mahali pa kahawa. Nyumba za zamani tuzungumze na wenyewe, moja moja.

Motari
Hapo nakubali. Sasa mchore na parking yetu. Mkiisahau, mtatukuta tumesimama juu ya hiyo njia ya miguu.