Kufundisha Marekani kwa viza ya J-1: wiki za mwanzo

Ndugu zangu, salaam.

Nimefika North Carolina kwa viza ya J-1, ile ya programu za kubadilishana, nafundisha hesabu darasa la nane. Wengi wenu mmeniuliza kuhusu nidhamu: ni kweli watoto wa huku hawamheshimu mwalimu? Hilo nalipita haraka. Hawasimami ukiingia kwa sababu wewe huingii. Chumba ni chako. Kengele ikilia kundi moja linatoka, jingine linakuja. Simama mlangoni umsalimie kila mmoja kwa jina lake, na ulitamke sawasawa. Wasumbufu wapo, kama popote.

Kilichonishtua ni makaratasi ya mtoto mmoja mmoja na uzito wake kisheria. Kabla hata sijaanza kufundisha nilikabidhiwa mipango inayoitwa IEP, ya wanafunzi wenye ulemavu wanaohitaji elimu maalumu. Huyu aongezewe muda wa mtihani, yule asomewe maswali kwa sauti, mwingine akae mbele, mbali na dirisha. Usidhani ni ushauri tu. Msingi wake ni sheria ya mwaka 1975, ambayo siku hizi inaitwa IDEA, na mwalimu wa somo la kawaida anabanwa nayo pia. Halafu kuna mpango wa 504, uliotokana na kifungu cha 504 cha sheria ya 1973. Huu unawasaidia hata watoto wasiohitaji elimu maalumu, mfano mwenye kisukari anayelazimika kupima sukari katikati ya kipindi.

Nawaambia kwa dhati, hili nimelipenda kuliko yote. Kuna mwanafunzi ambaye karatasi yake ilikuwa inarudi nyeupe. Alipoanza kusomewa maswali, akawa anakokotoa milinganyo hatua kwa hatua, kalamu haisimami. Hesabu alikuwa anaijua siku zote. Kilichomshinda ni kusoma. Nimewakumbuka wengi niliowahi kuwafundisha nyumbani, tuliowaita wazito.

Jambo jingine ni alama: ni siri. Sheria ya FERPA ya mwaka 1974 inalinda kumbukumbu za mwanafunzi. Sisi tuliozoea matokeo kubandikwa ukutani, wa kwanza hadi wa mkia, tuwe macho sana hapa. Usitangaze alama darasani, wala usimweleze mzazi maendeleo ya mtoto wa mwenzake. Mimi karatasi nazigawa mwenyewe, nimezigeuza chini.

Sasa naomba msaada. Kwenye mshahara wangu wa kwanza nimekatwa hifadhi ya jamii na Medicare, yaani bima ya afya ya wazee. Ndivyo inavyotakiwa kwa sisi wa J-1?

Mwalimu wa hesabu

*

Mwalimu, karibu na pole kwa uchovu wa kuanza.

Kama ndiyo mara yako ya kwanza kuishi Marekani, hukupaswa kukatwa. Mwalimu wa J-1 ambaye kikodi bado ni mgeni asiye mkazi anasamehewa makato hayo kwa miaka miwili ya kalenda. Ni asilimia 6.2 ya hifadhi ya jamii na 1.45 ya Medicare, jumla 7.65, si kidogo. Ila angalia hesabu ya miaka: ukifika mwezi wa nane, miezi hiyo michache tayari ni mwaka mzima wa kwanza. Msamaha unaisha Desemba ya mwaka unaofuata.

Ofisi nyingi za mishahara hazijui jambo hili, kwa hiyo usiende kwa ugomvi. Peleka nakala ya DS-2019 (hati ya mdhamini wako wa J-1), pasipoti na I-94 (kumbukumbu ya kuingia nchini), uombe kwa maandishi makato yasimame na ulichokatwa kirudishwe. Mwajiri akishindwa kukurudishia, unadai IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa fomu 843 pamoja na 8316. Kodi ya mapato yenyewe haihusiki na msamaha huu. Utajaza fomu ya kodi ya wasio wakazi, 1040-NR, pamoja na 8843, kabla ya tarehe 15 Aprili. Usikubali mtu akujazie 1040 ya wakazi kwa sababu tu programu aliyonayo haina nyingine. Nimeona watu wakihangaika kurekebisha.

Na ukihama nyumba, mjulishe mdhamini wa viza yako ndani ya siku 10. Hilo watu hulisahau sana.

*

Kaka, naongezea kimoja. Uliza leo kama mshahara wako unalipwa kwa miezi 10 au 12. Wilaya nyingi zinahesabu kazi ya miezi 10, na majira ya joto unaweza kukaa bila senti huku kodi ya nyumba inadai. Baadhi zinakuruhusu kugawanya fedha zile zile kwa miezi 12, lakini lazima uchague mapema, mwanzoni mwa mwaka wa shule. Wakisema dirisha limeshafungwa, anza kujiwekea akiba yako mwenyewe kila mwezi kuanzia mshahara huu.

Dada yenu, mwalimu wa sayansi