Gari la taka linapita kila baada ya wiki mbili: tunahifadhije taka nyumba ya wapangaji?

Mpangaji_Tabata

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wa vitendo. Nyumba ipo Tabata, kaya nne, jumla watu 17. Gari la taka kwa ratiba ni kila wiki, lakini linapita kila baada ya wiki mbili, na masika inafika wiki tatu kwa sababu barabara ya ndani inakuwa tope tupu. Tuna pipa moja la lita 200 lisilo na mfuniko, vingine vinajazwa kwenye viroba vya salfeti. Ikifika siku ya tano funza wanatambaa mpaka kizingitini, chini ya pipa panachuruzika maji meusi, na alfajiri kunguru wanapasua viroba. Uwanja ni hatua nne kwa sita, nusu yake sementi. Mwenye nyumba anasema tuchome. Kuna mtoto mmoja wa pampasi. Tufanyeje ili taka zikae siku 14 bila kunuka?

JikoSafi

Pole sana mkuu. Anza na hesabu ndipo utajua ununue nini. Kwa makadirio ya mjini, mtu mmoja hutoa karibu nusu kilo ya taka kwa siku. Watu 17 kwa siku 14 ni kilo 120 hivi. Zaidi ya nusu ya mzigo huo ni mabaki ya jikoni yenye maji: maganda, machicha ya nazi, majani ya chai, ugali na wali uliolala. Hayo ndiyo yanayonuka na kuzaa funza. Chupa, makopo na maboksi vikiwa vikavu vinakaa hata miezi miwili na hakuna atakayelalamika. Mambo huharibika pale maganda ya nyanya yanapotupwa juu ya boksi kavu. Kuanzia hapo vyote vimekuwa taka mbichi.

Kuhusu funza: kwa joto la Dar mayai ya nzi huanguliwa chini ya siku moja, funza hukua siku nne mpaka sita, halafu hutoka takani kutafuta mahali pakavu pa kugeuka kuwa nzi. Ndiyo maana mnawaona kizingitini siku ya tano. Kwa hiyo pipa la nje kulifunika peke yake hakusaidii sana. Nzi alishataga jikoni, kwenye sahani ya maganda iliyokaa wazi tangu mchana.

Kila kaya itafute ndoo mbili za lita 20 zenye mfuniko wa kubana. Ndoo zilizokuwa na rangi ya kupaka ukuta zikioshwa vizuri zinafaa sana kwa sababu mfuniko wake una mpira. Moja ya mabaki mabichi, nyingine ya vile visivyofaa mboji wala kuuzwa. Vikavu viende kwenye kiroba. Kumbuka kiroba cha salfeti kimefumwa, maji yanapita, kwa hiyo hakifai kabisa kwa mabichi.

Utaratibu wa ndoo ya mabichi ni huu. Chini weka maranda ya mbao unene wa vidole vinne, au pumba za mpunga. Mabaki yachujwe kwanza: majani ya chai yamwagwe kwenye chujio, machicha yakamuliwe kwa mkono mpaka yasidondoshe, mchuzi usiingie kamwe. Kila ukitupa, nyunyizia konzi mbili za maranda juu mpaka usione chakula, kisha funika hapo hapo. Maranda hunyonya maji na kumzuia nzi asifike kwenye chakula. Karakana za seremala huwa nayo mengi, kiroba kimoja kinatosha kaya moja kwa mwezi. Chukua ya mbao tupu, sio ya mbao zilizopakwa dawa ya mchwa wala ya mbao za kubandika kwa gundi, hasa kama baadaye utatengeneza mboji.

Kama funza tayari wapo, mwaga taka zile kwanza, pipa mimina maji yanayochemka lita 3 hivi (la plastiki acha yapoe kidogo lisipinde), sugua kwa sabuni, kisha liache juani mdomo wazi siku nzima. Ukitumia jiki, itumie peke yake. Usichanganye na siki wala dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya klorini inayobana kifua.

Na samaki: mwambie muuzaji akuparie na kutoa utumbo huko huko sokoni. Hilo tu linaondoa nusu ya harufu ya wiki.

Mboji_Mbezi

Naongezea hapo kwenye mabichi, maana usipoyapunguza, ndoo zitajaa kabla gari halijafika.

Kwanza tafuta mfugaji wa mbuzi au ng'ombe jirani. Maganda ya ndizi, viazi, maembe, maboga na majani ya kabichi anayachukua kwa furaha ukimtengea safi bila chumvi wala plastiki. Maganda ya mihogo yaanikwe juani siku mbili tatu kwanza, mabichi yana sumu inayoweza kumdhuru mnyama. Na ugali au mkate wenye ukungu usimpe hata kuku, sumukuvu haiondoki kwa kukausha. Vifuu vya nazi vitunzwe kwa kuwashia jiko la mkaa.

Kinachobaki fanya mboji kwenye pipa la lita 200. Pipa moja linabeba kaya moja yenye watu watano, lisiwe la kaya zote nne. Hapo ndipo wengi wanakwama: wanarundika mabaki ya watu 17 kwenye pipa moja, linakuwa uji, linanuka kuliko jalala, wanasema mboji haifai mjini. Kwa uwanja wenu wekeni mapipa mawili, kaya mbili zinazopenda ndizo zianze. Mengine yaende kwa mfugaji.

Toboa matundu ya milimita 6 mpaka 8 kuzunguka pipa, yakiachana sentimita 15. Yakiwa makubwa zaidi panya wadogo wanaingia. Chini toboa kumi hivi, liweke juu ya matofali matatu upande wenye udongo, sio kwenye sementi, ili yale maji yaingie ardhini. Tabaka la kwanza makumbi ya nazi au vijiti, sentimita 15, hewa ipite. Halafu kwa kila ndoo moja ya mabaki weka ndoo moja na nusu ya vikavu: majani makavu ya mwembe, maboksi yaliyochanwa, maranda kidogo. Maranda peke yake hayaozi haraka, ndiyo maana nasema uyachanganye na majani. Geuza kwa mti au kipande cha nondo kila baada ya siku nne.

Kujua unyevu, shika konzi moja ukamue. Tone moja au mawili yakitoka ni sawa. Yakichuruzika ongeza boksi na ugeuze. Ikinuka kama yai bovu, hewa haipiti. Ikinuka kama mkojo, mabichi yamezidi, na ukikuta harufu hiyo usiweke majivu wala chokaa, utaizidisha. Ikiwa kavu na imelala tu wiki tatu, nyunyiza maji lita 2. Pipa likijaa liache, anza la pili. Baada ya miezi miwili mpaka mitatu unapata udongo mweusi usio na harufu. Nyama, mifupa, samaki na mafuta visiingie humo, vitaleta panya.

Kigogo_Mtoni

Sikubaliani na kumwambia mtu mwenye uwanja wa hatua nne kwa sita aanze na mapipa ya mboji. Kaya mbili zisipogeuza wiki moja, nzi watarudi na wapangaji watakosana. Mimi ningesema ndoo zenye maranda kwanza, mwezi mzima, wote wazizoee. Mboji baadaye.

Kuhusu kuchoma, tafadhali msifanye. Moto wa uani hauna joto la kutosha. Plastiki na pampasi zikiungua kwa moto mdogo zinatoa moshi wenye sumu, zikiwemo dioksini, na moshi huo unakwenda moja kwa moja kwenye madirisha ya vyumba ambamo watoto wamelala. Majivu yake nayo hayafai kusugulia sufuria wala kumwaga bustanini. Mwelezeni mwenye nyumba hivyo kwa heshima, wengi wanaelewa wakishaelezwa.

Kufukia nako kuna masharti. Mkiwa upande unaoshuka bonde la Msimbazi maji ya ardhini yapo karibu na mvua inafukua. Sehemu ya juu, yenye udongo mkavu, mabaki ya samaki na nyama yanaweza kufukiwa shimo la futi 2, udongo wa juu usipungue futi 1 na nusu, juu uweke jiwe zito au kipande cha zege, mbwa asifukue. Kisima kiwe mbali, mita 30 au zaidi. Vitu vya plastiki havifukiwi.

Wenye friji, vichwa vya samaki na mifupa viwekwe kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko, kwenye barafu, vitolewe asubuhi ya gari. Asiye na friji achemshe, awape paka na mbwa, mifupa iliyobaki ianikwe juani. Mifupa mikavu hainuki.

Chupa_na_Makopo

Mimi niseme vikavu tu. Chupa za maji fungua kizibo, zikanyage, rudisha kizibo zisivute hewa tena. Kiroba cha kilo 50 kilichokuwa kinabeba chupa 40 kitabeba zaidi ya mara mbili. Tenganisha mapema kwa sababu wanunuzi wanapima kwa aina: chupa laini za maji na soda peke yake, plastiki ngumu (madumu, mabeseni, viti) peke yake, vyuma peke yake. Makopo ya alumini yana bei kuliko ya bati, yajaribu kwa sumaku. Inayonasa ni bati. Suuza makopo ya samaki na nyanya kwa maji ya mwisho ya kuoshea vyombo, maji safi hayahitajiki.

Jambo moja msilidharau: chupa, makopo na matairi yakikaa wazi mvua ikanyesha, mbu wa dengi anataga humo. Ndani ya siku 7 mpaka 10 ametoka mbu mzima, na huyu anauma mchana. Dar ilipata mlipuko mwaka 2014 na tena 2019. Viroba vya vikavu vikae chini ya paa au vifunikwe turubai.

Chupa zilizovunjika zifungwe kwa gazeti, ziwekwe ndani ya boksi, muandike kwa kalamu nzito CHUPA. Vijana wa gari wananyanyua viroba kwa mikono mitupu na kuvibeba begani. Mwenye kuchoma insulini aweke sindano kwenye dumu gumu lenye kizibo na kulirudisha kituo cha afya, zisiingie kwenye kiroba hata moja.

Mpangaji_Tabata

Asanteni sana, nimeshaandika yote. Bado mawili: pampasi, na kama gari lisipokuja wiki ya tatu. Guta (lile la mizigo la magurudumu matatu) la kukodi ni salama?

JikoSafi

Pampasi ndiyo nzito kuliko zote. Mtoto anatumia tano kwa siku, siku 14 ni 70. Iliyolowa hukaribia gramu 200, kwa hiyo ni kilo 14 za mtoto mmoja. Choo kikubwa kikung'utiwe chooni kwanza, hicho ndicho kinachonuka zaidi. Ikunje kuanzia mbele, ibane kwa gundi zake zenyewe iwe kama ngumi, ifunge kwenye gazeti, iingie ndoo ya peke yake yenye mfuniko. Ndoo ya lita 20 inabeba kama 30. Kama mama anaweza kutumia nepi za kitambaa mchana na pampasi usiku na safarini tu, zinashuka mpaka mbili kwa siku, ndoo moja inatosha kabisa. Isikae nje kwenye mvua, inanyonya maji na kuvimba mpaka inapasuka. Na isitupwe kwenye shimo la choo. Haiozi, na siku ya kunyonya majitaka inaziba bomba la gari la kunyonya. Pedi nazo utaratibu ni huo huo.

Kigogo_Mtoni

Guta ni salama ukijua linakomwaga. Muulize dereva anapeleka kizimba gani (pale mahali pa kukusanyia taka), na mara ya kwanza mmoja wenu amfuate mpaka pale. Anayetaja bei ya chini sana mara nyingi anamwaga mtoni au kwenye mfereji usiku, na mfereji ukiziba maji ya masika yatarudi kwenu. Kaya nne zikichangia na mkiwa mmebakiwa na ndoo za visivyofaa tu, safari moja inatosha.

Wakati huo huo mmoja wenu aandike kwenye daftari kila tarehe gari lilipokuja na lilipokosa, mtunze stakabadhi za ada ya taka. Mkienda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na orodha ya miezi mitatu anaweza kumuita mkandarasi na kumuonesha. Malalamiko ya mdomo hayana pa kushika.

Viroba vitolewe nje gari linaposikika, visitolewe usiku. Kikijaa robo tatu kifungwe kamba, kisizidi kilo 15. Kama lazima vikae nje alfajiri, vifunike kwa gunia zito na matofali pembeni. Kunguru hapasui asichokiona.