Mrejesho: Lori la zamani lisilowaka asubuhi bila kupiga pampu ya mkono

Wakuu, limepona, na pampu kubwa (inayosukuma dizeli kwenye nozeli) haikufunguliwa. Mliosema inunuliwe nyingine: ikichoka, kwa kawaida husumbua zaidi injini ikiwa ya moto, hili liligoma likiwa baridi tu.

Tulifunga mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu kubwa, mapovu yakapita mfululizo. Hewa iliingia upande wa kuvuta (dizeli inapovutwa kutoka tenki), ndiyo maana chini hapakuwa na tone. Likilala, dizeli inarudi tenki. Tumebadilisha washa za kopa (pete bapa za kuziba), mbili kila bolti ya njia ya mafuta, pamoja na vali za pampu ndogo (inayovuta dizeli kutoka tenki).

Kutoa hewa: legeza skrubu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, kaza. Stata isizidi sekunde 10 kwa mkupuo, kisha ipumzike.