Tupeane uzoefu: tuliowahi kuishi Mabatini juu, Mwanza, kule kwenye mawe

Sikio la Mlimani
Wakuu, habari za jioni. Jana usiku mvua imepiga sana huku Buswelu. Saa nane nimeamka, nimekaa kitandani nasikiliza. Mke wangu akauliza kuna nini, nikamwambia nasikiliza mawe. Hakunielewa, yeye amekulia Shinyanga, tambarare tupu. Nilihama Mabatini mwaka 2014, lakini mvua ikianza sikio bado linapanda mlima.

Nilipanga miaka sita karibu na kileleni. Chumba changu kilikuwa na kuta tatu za tofali, ukuta wa nne ni jiwe lenyewe. Fundi alijengea hapo hapo, akaziba pembeni kwa udongo na saruji. Masika jiwe linatoka jasho, asubuhi godoro limelowa upande mmoja. Kiangazi linakula jua mchana kutwa, usiku linakurudishia lote. Nilizoea kulala mgongo wangu umeligusa.

Waliokaa huko, na wa Igogo, Bugarika na Isamilo pia, njooni tupeane uzoefu.

Ndoo Kichwani
Umenikumbusha mbali mkuu. Mimi kwangu ni maji. Bomba lilikuwepo, lakini mchana nguvu ya maji inaishia kwa watu wa chini. Juu yanafika usiku wa manane, wakishafunga koki zao wakalala. Bibi yangu alikuwa anaiacha koki wazi na kuweka sufuria tupu chini yake. Tone la kwanza likigonga sufuria anaamka, anatuamsha wote, tunajaza kila kitu: madumu, mabeseni, hadi birika. Siku bibi akilala, mtu mwingine akaitoa ile sufuria ili asisumbuliwe na kelele, kesho yake tunanunua ndoo kwa kijana anayepandisha kichwani. Bombani chini ilikuwa shilingi 50, ikifika kwetu 300. Hatukumlaumu. Ule mlima ungeupanda na lita 20 kichwani, ungedai hata 500.

Kijana wa Igogo
Igogo hivyo hivyo. Shingo yangu inajua.

Jirani wa Mirongo
Mnaongelea maji kushindwa kupanda, sisi tuliokaa kando ya Mto Mirongo tuongelee yanayoshuka. Mvua ikinyesha nyie wa juu mnafungulia vyoo vyenu, vyote vinakuja kwetu. Nimeondoa tope lisilo tope sebuleni kwangu mara tatu, mwanangu mdogo akaugua tumbo wiki nzima. Lile ni kosa la watu kabisa, msiseme mvua.

Ndoo Kichwani
Jirani, pole kwa mtoto, lakini usituweke wote kapu moja. Bibi yangu hajawahi kufungulia choo.

Jirani wa Mirongo
Sijamtaja bibi yako. Nimesema nilichokisomba kwa koleo.

Fundi Kuta Tatu
Naomba niseme kitu kwa sababu nimejenga huko. Jamani, huwezi kuchimba shimo la choo kwenye lile jiwe. Unakwenda futi mbili, sururu inatoa cheche. Kwa hiyo choo kinajengwa kwa kwenda juu, unapanda ngazi kukiingia, na chini kunaachwa tundu lenye kizibo. Likijaa, gari la kunyonya halifiki, njia ni ya mtu mmoja. Mwenye nyumba anasubiri mvua. Ni vibaya, sikatai, na wanaoumia ni wa chini. Palipopitishwa mabomba ya majitaka katikati ya mawe hali imebadilika sana, nyumba nyingi zimeunganishwa na uchafu unakwenda kwenye mabwawa ya majitaka Butuja. Nawashauri wapangaji: kabla hujatoa kodi, muulize mwenye nyumba choo kinakwenda wapi. Akijibu kwa kuzungukazunguka, ondoka.

Jirani wa Mirongo
Hapo umesema kweli fundi. Wabeja.

Kokoto za Mama
Mimi nilikulia kwenye kokoto. Mama alitusomesha kwa nyundo, na hadi leo nikisikia nyundo inagonga jiwe najua kama limekaribia kupasuka, mlio unabadilika. Jiwe kubwa halipigwi hivi hivi. Unapanga kuni na matairi mabovu juu yake, unachoma tangu usiku, asubuhi limelegea, linabanduka maganda maganda kama kitunguu. Sasa chini yetu alihamia mtu akaanza kuchoma jiwe ambalo ndilo lililoshika jiwe letu. Mama alishuka akamwambia kwa upole, baba, hili limeshika lile, na lile limetushika sisi. Akajibu jiwe liko kwenye kiwanja chake. Tuliishi mwaka mzima tunapima ufa kwa kidole. Mama alinifundisha: kidole kikiingia chote, tunalala kwa jirani. Kiliingia nusu. Mwenyekiti wa mtaa aliitwa mara mbili ndipo yule bwana akaacha. Nina watoto wawili sasa na nimenunua kiwanja Kisesa kisicho na jiwe hata moja, mama hataki kuja. Anasema kwenye mchanga atalalaje.

Kitinda Mimba
Nimesoma uzi huu tangu asubuhi, nilikuwa sitaki kuandika. Ngoja niandike.

Baba alifariki mwaka 2011, mwezi wa sita. Ndugu kutoka Magu walisema lazima aingie kwake kwanza, aagwe nyumbani, ndipo asafirishwe kuzikwa kijijini. Na ni haki yake, ile nyumba aliijenga tofali kwa tofali, yote yalipanda kwa vichwa vya watu.

Waliokaa kule wanapajua pale njia inapopita kati ya mawe mawili. Ukiwa na ndoo mkononi unapita ubavu. Jeneza lilifika pale likakwama, mabegani ni pana. Watu wakasukuma, wakarudi nyuma, mwisho wakalilaza ubavu ndipo likapita. Mama alikuwa nyuma yangu. Tulisikia baba anasogea ndani. Mama hakulia, alinishika mkono tu, kucha zake zikaniingia.

Tukaaga. Wakati wa kushuka, mama akasimama mlangoni akasema, "Hamtamlaza ubavu mara ya pili." Wazee wakamwambia mama fulani, hakuna njia nyingine. Akasema basi hatoki.

Sasa chini yetu aliishi mzee mmoja mvunja kokoto. Yeye na baba hawakusalimiana miaka minne, sababu ya mfereji wa maji ya mvua. Kwenye msiba alikuja, akakaa mbali kwenye jiwe lake. Aliposikia mama amekataa, akainuka, akavua viatu, akapanda juu ya lile jiwe la kulia. Akamwita kijana wake apande la kushoto. Akasema, "Mleteni kwa juu." Jeneza likainuliwa juu ya vichwa, likapita hewani mkono kwa mkono, baba amelala chali kama alivyotakiwa kulala. Miguu ya yule mzee ilikuwa inateleza, jiwe lilikuwa na unyevu. Baba mdogo alimshika kifundo cha mguu kwa mikono miwili mpaka shati likachanika kwapani.

Baada ya arobaini tulimkuta pale na patasi na nyundo. Alichonga siku mbili, mahali pa kuweka mguu, upande huu na upande huu. Mama alimpelekea uji. Alisema anachonga ili na siku yake watu wasihangaike.

Sikio la Mlimani
Kaka, nimesimama hapa nimeishiwa. Pole sana. Pale nimepita kila siku miaka sita na hizo hatua nimezikanyaga bila kujua.

Ndoo Kichwani
Pole sana ndugu yangu. Mama yupo?

Kitinda Mimba
Ni dada yenu, siyo kaka. Mama yupo, niko naye Geita. Asanteni.

Mpangaji Mpya
Poleni. Samahani kuwarudisha nyuma, nimepata chumba Mabatini juu, dalali anataka kodi ya miezi sita kesho. Nichukue au niache?

Kijana wa Igogo
Chukua. Mafuriko hayatakufikia, upepo wa ziwa bure. Huku kwetu usiku usio na mwezi unaziona taa za wavuvi wa dagaa zimejaa ziwani kama mji mwingine.

Kokoto za Mama
Usichukue kama una mjamzito au mgonjwa nyumbani. Bajaji inaishia chini, zinazobaki ni ngazi na giza.

Fundi Kuta Tatu
Nenda mvua ikiwa inanyesha. Ukikuta watu wa nyumba hiyo wamelala usingizi, lipa. Ukiwakuta wamesimama nje wanaangalia juu, rudi na hela yako.

Jirani wa Mirongo
Na uulize choo. Na ununue raba, kandambili zitakuua.

Ndoo Kichwani
Na sufuria ya bati, siyo ya plastiki. Plastiki haiamshi mtu.

Kijana wa Igogo
Tangu chanzo kipya cha maji cha Butimba kianze, huku kwetu mchana tunapata. Zamani mji mzima ulikuwa unatazama chanzo cha Capri Point tu.

Ndoo Kichwani
Kwenu. Kwa bibi bado usiku.

Mkazi wa Juu
Dada Kitinda Mimba, mimi nakaa huko sasa hivi, nyumba ya tatu kutoka hayo mawe. Hatua zipo, mbili kila upande, zimelainika kabisa kwa kukanyagwa. Jumamosi tumeshusha kabati la jirani aliyehamia Nyegezi, tumelipitisha kwa juu hivyo hivyo, watu wawili wamesimama kwenye hizo hatua. Hakuna aliyetufundisha, ndivyo tulivyokuta watu wanafanya. Yule mzee hayupo, anakaa kijana wake.

Kitinda Mimba
Najua. Alishushwa mwaka 2019. Mama alikwenda, mimi nilikosa ruhusa kazini. Alinipigia simu jioni akaniambia amepita chali.